Mtaji Ulitoka Wapi, Dada?

Tarehe 8 Aprili 2025 Meghan Markle, mke wa Mwanamfalme Harry, alirudi kwenye podikasti na kipindi kipya, Confessions of a Female Founder, kilichotengenezwa na kampuni ya Lemonada Media. Siku sita kabla yake duka lake la mtandaoni, As Ever, lilikuwa limefungua mauzo kwa mara ya kwanza: jamu ya rasiberi, majani ya chai, maua makavu ya kunyunyizia keki, asali ya dola 28 kwa chupa. Bidhaa zote ziliisha ndani ya saa moja. Kisha wiki baada ya wiki wageni wakaketi mbele ya kipaza sauti kusimulia walivyojenga kampuni zao. Alikuwapo Whitney Wolfe Herd wa Bumble, Jamie Kern Lima wa IT Cosmetics na Sara Blakely wa Spanx. Kila mmoja wa hao watatu ameongoza kampuni iliyouzwa au kuingizwa sokoni kwa thamani inayozidi dola bilioni moja. Msikilizaji aliyetaka kujifunza biashara alikuwa na haki ya kutegemea shibe.

Kazi yangu imekuwa kuhoji wafanyabiashara na kusoma hesabu za kampuni, na nilisikiliza kwa masikio ya kazi hiyo. Katika biashara yoyote kuna jambo moja lisilodanganya kirahisi, nalo ni njia ya fedha: iliingia kutoka kwa nani, kwa masharti gani, ikazungukia wapi, ikaishia mfukoni mwa nani. Mfuate mwasisi kwa njia hiyo na hadithi yake itafunguka, atake asitake. Mwombe akueleze moyo wake, naye atakueleza moyo wake. Mahojiano ya mastaa kuhusu uongozi na ujasiriamali wa wanawake yamechagua moyo, na yule dada aliyevaa spika za masikioni ndani ya daladala, akiwa na wazo la biashara kichwani, anashuka kituoni akiwa amefarijika na hajui cha kufanya kesho asubuhi.

Niweke jambo moja kando mapema. Meghan ana maadui wengi, na wengi wao hawakuhitaji podikasti ili wamchukie. Magazeti ya udaku ya Uingereza yalimkalia kooni tangu uchumba wake, na sehemu ya maneno yaliyoandikwa juu yake ilinuka ubaguzi wa rangi waziwazi. Sina nafasi katika genge hilo. Wala ugonjwa ninaouzungumzia haukuanza kwake. Wanaume wenye podikasti za biashara huketi saa mbili nzima na tajiri, wakimuuliza anaamka saa ngapi na anasoma vitabu gani, kana kwamba utajiri unapatikana kwa kuwahi kuamka. Tofauti ni kwamba mwanamume akitoka hapo bila kitu ana milango mingine: klabu, wenzake wa shule, binamu aliye benki. Nchini Marekani kwenyewe, kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao hupata takriban asilimia 2 tu ya fedha za wawekezaji wa mitaji ya kampuni changa, kwa hesabu za kampuni ya takwimu za uwekezaji ya PitchBook. Waliofanikiwa kuingia ndani ya asilimia hizo mbili wanajua siri ya mlango. Ukimpata mmoja wao mbele ya kipaza sauti usipomuuliza kuhusu mlango, umepoteza nafasi ambayo mamilioni ya wanawake hawataipata.

Nianze na lililofanyika vizuri, maana lipo. Mgeni wa kwanza alikuwa Wolfe Herd, na katika mazungumzo yao Meghan alieleza kwamba aliwahi kupata priklampsia baada ya kujifungua, yaani shinikizo la damu la hatari ambalo lisipotibiwa laweza kuzaa kifafa cha mimba. Wolfe Herd naye alikuwa ameyapitia hayohayo. Wanawake wawili maarufu wakaongea juu ya kuwa karibu na kifo huku dunia ikiwasubiri watabasamu kwenye kamera. Mazungumzo hayo yana thamani ya kweli. Wapo akina mama wanaoamini kwamba hatari ya presha inaisha mtoto akishatoka, na kama mmoja wao alisikia akarudi kliniki kupima, kipindi kile kimelipa gharama yake yote.

Ila tazama kilichofuata, au tuseme kilichokosekana. Mwili wa mwanamke anayeongoza kampuni ni suala la kibiashara kabisa. Nani alishika usukani mwasisi alipokuwa kitandani? Bodi ilijua? Je, mhasibu wa kampuni hiyohiyo, au binti wa huduma kwa wateja, akipatwa na hali ileile, analipwa kwa wiki ngapi? Marekani haina sheria ya shirikisho inayomhakikishia mfanyakazi wa sekta binafsi likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria ya mwaka 1993 inampa wiki 12 bila mshahara, tena kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Meghan analijua hilo kuliko watangazaji wengi, kwa sababu Oktoba 2021 aliwaandikia barua ya wazi viongozi wa Bunge, Nancy Pelosi na Chuck Schumer, akidai likizo yenye malipo. Mwanaharakati yule wa 2021 ndiye ningependa kumsikia akiuliza maswali mwaka 2025. Maumivu yakisimuliwa bila kuulizwa nani mwingine anaumia na kwa sheria ipi, yanageuka kuwa sifa ya msimuliaji: ona alivyovumilia.

Nimesema tufuate fedha, basi tuifuate ya Bumble. Wolfe Herd alikuwa miongoni mwa waasisi wa Tinder. Aliondoka mwaka 2014 na kuishtaki kampuni hiyo kwa unyanyasaji wa kijinsia, kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Mwaka huohuo akaanzisha Bumble, programu ya kutafutia wachumba ambamo mwanamke ndiye aliyekuwa akitangulia kumwandikia mwanamume. Mtaji ulitoka kwa Andrey Andreev, tajiri mzaliwa wa Urusi aliyemiliki programu ya Badoo mjini London. Aliweka dola milioni 10 za kuanzia, akachukua asilimia 79 ya hisa. Mwenye wazo, mwenye sura kwenye matangazo, alibaki na asilimia 20.

Mwaka 2019 jarida la Forbes likachapisha uchunguzi kuhusu makao makuu ya Badoo, ambamo wafanyakazi wa zamani walisimulia mazingira ya kazi yaliyowadhalilisha wanawake. Madai hayo yalipingwa. Hata hivyo miezi michache baadaye Blackstone, kampuni kubwa ya uwekezaji ya New York, ilinunua sehemu kubwa ya kampuni mama kwa thamani ya takriban dola bilioni 3, Andreev akatoka, na Wolfe Herd akapewa uongozi wa Badoo na Bumble pamoja. Februari 2021 hisa ziliingizwa sokoni kwa dola 43, siku ya kwanza zikafungua biashara kwa dola 76, naye akiwa na miaka 31 akawa mwanamke mdogo kuliko wote kuwahi kuipeleka kampuni sokoni nchini humo. Alipoketi na Meghan, hisa hiyohiyo ilikuwa inauzwa chini ya dola 10. Alikuwa ameachia ngazi mwanzoni mwa 2024 na kurudi Machi 2025, wiki chache tu kabla ya kipindi kurushwa. Juni 2025 alitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 240, karibu asilimia 30 ya wote.

Humo mna somo la muhula mzima. Kwa nini mwanamke anayeijenga kampuni juu ya jina la kuwalinda wanawake alikubali asilimia 20? Hakuwa na mwingine wa kumpa fedha? Alijaribu wangapi? Kuachia asilimia 79 kulimpa nini: wahandisi, seva, kasi? Aliposoma habari ya Forbes usiku ule, alimpigia nani simu kwanza? Na thamani inaposhuka kutoka 76 hadi tarakimu moja, nani ameumia: yeye, Blackstone, au mwalimu mstaafu ambaye mfuko wake wa pensheni ulinunua hisa zile? Hakuna swali la matusi hapo. Mwanamke aliyepita Tinder, mahakamani, London na soko la hisa ana ngozi ngumu ya kutosha kuyajibu. Kumwonea huruma kabla hajaulizwa ndiyo dharau yenyewe, maana hatumfanyii hivyo mwanamume mwenye kampuni ya ukubwa ule.

Sasa mweke Blakely pembeni yake. Alikuwa akiuza mashine za faksi mlango kwa mlango, akaanzisha Spanx mwaka 2000 kwa akiba yake ya dola 5,000. Aliandika mwenyewe sehemu kubwa ya maombi ya hataza ya vazi lake kwa msaada wa kitabu alichonunua dukani, ili asilipe mawakili. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuchukua mwekezaji wa nje. Kampuni ilikuwa yake asilimia 100 hadi Oktoba 2021, alipouza sehemu kubwa kwa thamani ya dola bilioni 1.2. Aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba kila mmoja atapewa tiketi mbili za ndege za daraja la kwanza na dola 10,000, na video ile ya watu wakilia ofisini ikazunguka dunia.

Wolfe Herd na Blakely wote wanaitwa waasisi, wote wanapambwa kwa sifa zilezile za ujasiri, na kipindi kimewaweka katika fungu moja. Lakini mmoja alianza na moja ya tano ya kampuni yake, mwingine alikaa na yote. Aliyebaki na yote alikua taratibu, kwa faida ya chupi na soksi alizouza jana. Aliyegawana alikimbia kwa fedha za mtu mwingine na akalazimika kukimbia kwa mwendo wa mtu huyo. Hiyo ndiyo njia panda ambayo kila mwanamke mwenye biashara inayotaka kukua hufika, awe Austin, Marekani, au Kariakoo: niuze sehemu ili nikue haraka, au nibane matumizi nibaki na changu? Katika mlolongo mzima wa mahojiano ya aina hii, njia panda hiyo hupitwa kwa sentensi moja, halafu tunarudi kwenye kujiamini.

Mnunuzi wa Spanx alikuwa nani? Blackstone, yuleyule wa Bumble, ambaye safari hii alitangaza kwa fahari kwamba timu iliyoshughulikia ununuzi ilikuwa ya wanawake watupu. Na walioingia pamoja naye kama wawekezaji wadogo? Mtangazaji Oprah Winfrey, mwigizaji Reese Witherspoon, na Whitney Wolfe Herd. Witherspoon mwenyewe miezi michache kabla alikuwa ameiuza Hello Sunshine, kampuni yake ya filamu, kwa kampuni mpya iliyofadhiliwa na Blackstone. Oprah ndiye aliyeiinua Spanx mwaka 2000 kwa kuiweka kwenye orodha ya vitu avipendavyo, na Desemba 2020 ndiye aliyeisifia mtandaoni Clevr Blends, kampuni ya vinywaji vya unga ambamo jirani yake Meghan alikuwa amewekeza. Mwasisi wa Clevr, Hannah Mendoza, amekuwa mgeni wa podikasti hii. Kadi Lee wa Highbrow Hippie, kampuni ya virutubisho vya nywele ambamo Meghan pia amewekeza, naye amekuwa mgeni. Jamie Kern Lima alihojiwa na Meghan, na Aprili 2025 Meghan alikuwa mgeni wa podikasti ya Kern Lima.

Hakuna siri iliyofichuliwa hapa. Meghan hafichi kwamba ameweka fedha zake kwa rafiki zake, na wanaume wamekuwa wakiinuana hivyo kwa karne nyingi. Wanawake matajiri kuinuana ni habari njema kwa wanawake matajiri. Shida ni ya kiti. Mwenye hisa katika kampuni ya mgeni wake hana sababu ya kumuuliza kama mauzo yameshuka, kama kuna mteja aliyelalamika, kama virutubisho vile vimefanyiwa utafiti gani. Akiuliza na jibu likawa baya, anajipunguzia mali. Kutaja uwekezaji mwanzoni mwa kipindi ni uungwana, lakini hakumgeuzi mwenye hisa kuwa mhoji. Ongeza kwamba yeye mwenyewe alikuwa na duka lililofunguliwa wiki moja kabla ya kipindi kuanza, kwa ushirikiano na Netflix, na kwamba kila mgeni alimweleza namna ya kuliendesha. Hapo msikilizaji yuko kwenye kikao cha mashauriano cha As Ever, kikao ambacho kimepewa wadhamini na matangazo katikati.

Kern Lima ndiye aliyenisikitisha zaidi, kwa sababu hadithi yake ndiyo yenye mafuta mengi. Amewahi kuisimulia mara nyingi, hadharani: IT Cosmetics ilikuwa karibu kufilisika, akaunti ikiwa na chini ya dola 1,000, ndipo QVC, runinga ya kuuzia bidhaa, ikampa dakika kumi hewani. Masharti yalikuwa ya mali kauli. Alete maelfu ya bidhaa kwa gharama yake, zikiuzwa alipwe, zisipouzwa azichukue mwenyewe. Mwaka 2010 akaingia hewani, akajifuta vipodozi mbele ya kamera akaonyesha uwekundu wa ngozi yake, na bidhaa zikaisha kabla dakika hazijaisha. Mwaka 2016 L'Oréal ikainunua kampuni kwa dola bilioni 1.2.

Watu huisimulia kama hadithi ya kujikubali, na kweli kujikubali kumo. Lakini kila mama aliyewahi kupeleka sabuni za kienyeji au viungo vya pilau kwenye supamaketi analijua hilo la mali kauli, na damu inamsisimka kwa sababu nyingine. Mzigo wa maelfu ya vipande aliutengeneza kwa fedha gani, kama akaunti ilikuwa tupu? Kiwanda kilimkopesha? Benki ilikubali karatasi ya oda kama dhamana? Kama ingekataa, angefanya nini? Yeyote anayesubiri siku 90 kulipwa na duka kubwa angesikiliza jibu hilo akiwa na kalamu mkononi. Jibu lipo, mwanamke huyo hana choyo nalo. Anasubiri kuulizwa.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kutouliza, na historia yake ni fupi lakini imejaa. Sophia Amoruso alitoa kitabu cha Girlboss mwaka 2014, akahojiwa kila kona kama kielelezo cha kizazi, na Novemba 2016 kampuni yake ya mavazi, Nasty Gal, ikaomba ulinzi wa mufilisi. The Wing, klabu za kazi za wanawake zilizoanzishwa New York mwaka 2016, zilipambwa kama ukombozi wenye makochi ya waridi. Mwaka 2020 mkuu wake akajiuzulu baada ya wafanyakazi, hasa weusi na wa asili nyingine, kulalamikia walivyotendewa, na Agosti 2022 milango ikafungwa. Elizabeth Holmes wa Theranos, kampuni ya vipimo vya damu, sina haja ya kumrudia kirefu. Alipamba jalada la jarida la Fortune mwaka 2014, kampuni ikathaminiwa dola bilioni 9, na leo anatumikia kifungo cha zaidi ya miaka 11 kwa kuwalaghai wawekezaji. Nikumbushe tu kwamba Roger Parloff, aliyeandika makala ile ya Fortune, Desemba 2015 alirudi hadharani na kueleza jinsi alivyopotoshwa na ni wapi alishindwa kukaza swali. Podikasti za mastaa hazina desturi hiyo. Kipindi cha zamani hubaki hewani, na muziki wake mtamu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wafanyakazi waliolalamika katika mikasa hiyo wengi wao walikuwa wanawake pia. Hapo ndipo wazo zima la "mwasisi wa kike" linapovuja: linamfanya mwanamke mmoja juu awe mwakilishi wa wote, na walio chini yake wanakosa hata dakika moja hewani. Sijasikia podikasti ya mastaa iliyomwita karani wa ghala la mwasisi maarufu aeleze habari za bosi wake.

Mtu ataniuliza: kwani nani anafanya vizuri? Guy Raz wa podikasti ya How I Built This alimhoji Blakely mwaka 2016 katika kipindi chake cha kwanza kabisa. Raz naye si mkali, na wadhamini wake ni kampuni kubwa. Lakini ana tabia mbili ninazoziheshimu. Anakwenda kwa tarehe na kiasi, mwaka gani, fedha ngapi, oda ya kwanza vipande vingapi, na mwishoni humuuliza kila mgeni ni kiasi gani cha mafanikio yake kilitokana na bahati. Swali la bahati linaonekana dogo, ila linamlazimisha tajiri ataje asichokifanya mwenyewe: mzazi mwanasheria, soko lililokuwa linakua, mtu mmoja kwenye runinga aliyependa bidhaa yake. Meghan angeweza kujibu swali hilo vizuri kuliko wengi, kwa kuwa ndoa yake ilimpa umaarufu ambao hakuna bajeti ya matangazo inayoweza kuununua. Angelisema hilo kwa mdomo wake, ningemwamini katika mengine yote.

Haya yanatuhusu vipi sisi tunaosikiliza kwa Kiswahili? Yanatuhusu kwa sababu tumeshaunakili mtindo. Vipande vya dakika moja vya podikasti hizi vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na TikTok, na studio zetu za Dar es Salaam na Nairobi zimejifunza viti, taa na machozi. Maswali yetu yanajulikana hata na mtoto. "Umekumbana na changamoto gani?" "Siri ya mafanikio ni nini?" "Unawaambia nini wasichana wanaotamani kuwa kama wewe?" Mgeni anajibu: Mungu, bidii, kutokata tamaa, na kumshukuru mume wangu kwa kunivumilia. Mtangazaji anasema "waoo." Tunaagana.

Wakati huohuo historia ya biashara za wanawake wetu imejaa fedha, kodi na serikali. Tabitha Karanja na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Naivasha, Kenya, kabla ya kuanzisha kampuni ya Keroche mwaka 1997. Waliingia kwenye soko la vileo lililotawaliwa na kampuni kubwa ya zamani, wakatoa bia ya Summit mwaka 2008, wakabishana na wakusanya kodi kwa miaka, na mwaka 2022 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilifunga kiwanda kwa deni. Agosti mwaka huohuo akachaguliwa Seneta wa Nakuru. Ukimhoji mama huyu kuhusu "safari yake" ukaacha ushuru wa bidhaa, wasambazaji, na mpaka wa biashara na siasa, umeacha nyama umekula mchuzi.

Tanzania nako halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikaja kuirejesha mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Katika mwanya kama huo wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kubwa, hawakosi wateja, na mama anayebeba marejesho ya kila wiki hana habari na jamu ya Meghan. Kuhusu uzazi, sheria yetu ya ajira inampa mwajiriwa siku 84 zenye malipo, hatua ambayo Marekani haijafika. Muuza vitumbua, ambaye ni mwasisi, mtendaji mkuu na mpishi kwa mpigo, hayumo kwenye sheria hiyo. Mwanamke aliyetoka huko akafika kumiliki kiwanda yuko wapi kwenye podikasti zetu, na akija, nani atamuuliza alitoka vipi kwenye kausha damu: alilipa, alikimbia, au shangazi aliuza kiwanja?

Najua jibu la watayarishaji. Wageni hawapendi maswali ya fedha, watakataa kuja. Baadhi watakataa, kweli, hasa wenye sababu. Lakini wafanyabiashara wanawake niliowauliza kuhusu mtaji, deni na mgawanyo wa hisa, wengi walichangamka. Walikuwa wamechoka kuulizwa wanawezaje kulea watoto na kufanya kazi. Mmoja alivuta karatasi akanichorea ratiba yake ya kulipa deni, mwezi kwa mwezi, na mazungumzo yakapita muda.

Kwa Meghan na wenzake hukumu yangu ni hii: kama kipindi cha kufarijiana, chao ni kizuri, na sehemu ile ya priklampsia naipendekeza kwa kila mjamzito na mumewe. Kama elimu ya biashara, ni tangazo refu. Kwa watangazaji wetu nina ombi. Mkimpata mwanamke aliyejenga kampuni, muulizeni siku ya kwanza fedha ilikuwa ya nani, na leo hisa ni za nani. Akijibu kwa methali, msicheke, rudieni swali. Na kama mna hisa kwenye biashara yake, mpeni mwenzenu kipaza sauti.